Msafiri anayelala garini naye ni mteja

MWEZI Agosti mwaka jana nilikuwa kwenye genge la mboga hapa Mfaranyaki nikisubiri chenji, likaja kuegesha gari lenye hema lililokunjwa juu ya paa. Walishuka Wazungu wawili, mume na mke, watu wa umri wa kustaafu. Walinunua nyanya, vitunguu na mayai kumi. Kisha yule bwana, kwa Kiswahili cha kubahatisha, akauliza kama kuna mahali wanapoweza kuegesha na kulala.

Mama mwenye genge aliwaelekeza nyumba ya wageni. Mgeni akatikisa kichwa na kuonyesha paa la gari, maana yake kitanda wanacho. Walichotaka ni uwanja wenye uzio, maji ya kuoga na choo safi. Mama hakuwa na la kuwajibu. Wakaondoka jua linazama, wakashika njia ya Mbinga.

Nikamwambia, "Mama, hela ile imepita hivi hivi." Akacheka. "Mwanangu, mtu anatembea na kitanda chake, mimi nitamuuzia nini tena?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wengi wetu tunafikiri mgeni asiyelala hotelini hana faida. Nionavyo mimi ni kinyume chake. Mgeni huyo ndiye anayefaa zaidi kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, kwa kuwa fedha ambayo angempa mwenye hoteli bado iko mfukoni mwake, na mahitaji yake mengi yanapatikana shambani na gengeni.

Barabara imefunga duara

Kwa miaka mingi kusini hapakuwa mahali pa kupangia safari ya gari. Hadi lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, msafiri wa Dar es Salaam kwenda Lindi alivuka Mto Rufiji kwa pantoni. Barabara ya kutoka Masasi kuja Songea kupitia Tunduru ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya kukwama wakati wa masika.

Hali hiyo imebadilika. Vipande vya Namtumbo hadi Songea na Peramiho hadi Mbinga viliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa msaada wa Marekani kupitia Mfuko wa Changamoto za Milenia. Baadaye ikaja lami ya Tunduru, na mwisho kipande kigumu cha milimani kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay, chenye kilomita zipatazo 66.

Maana yake ni kwamba leo gari dogo linaweza kutoka Dar es Salaam, likafuata pwani ya Bahari ya Hindi hadi Mtwara, likakatiza nchi kavu zaidi ya kilomita 800 hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, kisha likarudi kupitia Njombe na Makambako bila kuacha lami. Duara limekamilika, na Songea iko ndani yake.

Tukae kwenye kiti cha mteja

Mpango wa biashara huanza kwa kumfahamu mteja. Basi tuipange safari yake sisi wenyewe, kituo kwa kituo, tuone fedha inadondoka wapi.

Anatoka Dar es Salaam alfajiri. Anasimama Somanga kwa ajili ya samaki wa kukaanga, kisha anafika Kilwa Masoko. Hapo hukaa siku mbili, kwa sababu kuna mashua ya kumvusha kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Anaendelea Lindi, halafu Mikindani, mji wa kale wenye ghuba tulivu, kabla ya kuingia Mtwara.

Zamani baadhi ya wasafiri wa aina hii waliingia kutoka Msumbiji kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Machafuko yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 yaliifanya njia hiyo iogopwe. Kwa hiyo tumhesabu zaidi yule anayetoka Dar es Salaam au anayeshuka kutoka Mbeya na Njombe.

Kutoka Mtwara anaiacha bahari. Masasi ipo kama kilomita 200, na kutoka Masasi hadi Songea ni zaidi ya kilomita 450. Njiani anapita Tunduru ya korosho na vito, na maeneo ya Namtumbo ambako tembo wa ushoroba wa Selous na Niassa huweza kukatiza barabara. Hapa pia atapishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanayokwenda bandari ya Mtwara. Msafiri mwenye akili hasafiri usiku katika njia kama hiyo.

Akitoka Songea anapanda Mbinga, ambako ataona mashamba ya ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usichukuliwe na maji kwenye miteremko mikali. Kisha anashuka Mbamba Bay na ziwa linafunguka mbele yake. Akifuata ufukwe kwenda kaskazini anafika Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake. Hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Lilikuwa moja ya mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza.

Msomaji atakuwa ameona jambo moja. Kati ya bahari na ziwa kuna usiku mmoja ambao msafiri huyu hawezi kuukwepa, na mahali panapofaa kuulala ni Songea. Tena hili ndilo soko kubwa la mwisho kabla ya ziwa. Atajaza mafuta, atatoa fedha benki na atanunua chakula cha siku tatu. Jiografia imetupa mteja bila sisi kutangaza popote.

Na akipata pa kulala, anayo sababu ya kuongeza usiku wa pili. Makumbusho ya Majimaji yapo mjini, mahali ambapo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Novemba 2023 kuomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Abasia ya Peramiho, iliyoanza kama misheni mwaka 1898, ni mwendo mfupi kwa gari. Milima ya Matogoro, chanzo cha Mto Ruvuma, inaonekana ukiwa mjini.

Anachohitaji kipo nyumbani kwako

Turudi kwenye swali la mama wa genge. Mtu mwenye kitanda anauziwa nini?

Kwanza, anauziwa usalama: kiwanja tambarare, uzio, lango linalofungwa na mlinzi. Pili, maji na choo. Gari lake lina jiko na kitanda, lakini mara nyingi halina bafu. Tatu, chakula kilichopikwa. Baada ya siku nzima barabarani watu wengi hawapendi kuwasha jiko, na ugali wa moto kwa dagaa wa Nyasa utawafaa. Nne, vitu vya kubeba: mayai, ndizi, parachichi, maharage, asali, kuni na mkaa.

Tano ni kahawa, na hapa tujilaumu kidogo. Mkoa wetu una Mbinga, moja ya wilaya zinazojulikana nchini kwa kahawa ya arabika. Lakini ukiagiza kahawa katika migahawa mingi ya Songea utaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyosindikwa mbali. Msafiri anapita katikati ya mibuni na kuondoka bila pakiti hata moja. Kikundi cha akina mama chenye chungu, kinu na mifuko safi kingeweza kuuza kahawa iliyokaangwa hapa hapa.

Tufanye hesabu

Mimi ni mchumi wa kilimo, na sipendi kumshawishi mkulima kwa maneno matupu. Tuseme gari moja lina watu wawili. Uwanja ni Sh 10,000 kwa kila mtu, jumla Sh 20,000. Chakula cha jioni na chai ya asubuhi Sh 24,000. Kuni Sh 3,000. Pakiti mbili za kahawa Sh 12,000. Mboga, matunda na mayai Sh 11,000. Usiku mmoja umeingiza Sh 70,000.

Toa mlinzi Sh 10,000, maji na usafi Sh 4,000, gharama ya kupika Sh 12,000, na Sh 14,000 ulizonunulia kuni, kahawa na mboga. Umebaki na Sh 30,000.

Wageni wengi watakuja kati ya Juni na Oktoba, wakati mvua hakuna. Ukipata gari moja kwa wiki, kwa wiki 20 utabaki na Sh 600,000. Kwa bei ya Sh 500 kwa kilo, kiasi hicho ni sawa na kuuza magunia 12 ya mahindi ya kilo 100, na magunia hayo bado hujayatolea mbolea na mbegu.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Choo kizuri, bafu na simtanki vikigharimu Sh 1,800,000, itakuchukua misimu mitatu kurudisha fedha yako, tena kama magari yatakuja kila wiki. Mwaka wa kwanza huenda yakaja manne tu. Kwa sababu hiyo sishauri mtu akope wala auze shamba.

Ninachoshauri ni kuanza na kiwanja ulichonacho, na kujenga bafu litakaloingiza fedha hata mtalii asipokuja. Madereva wa malori wanahitaji maji ya kuoga na chakula cha moto. Familia zinazotoka Dar es Salaam kwenda Mbinga kusherehekea Krismasi zinahitaji mahali pa kupumzisha watoto. Mgeni mwenye hema awe nyongeza juu ya wateja hao.

Wanaosema ni watalii wa bei rahisi

Nimewahi kusikia hoja kwamba watu wa aina hii ni wabahili, na kwamba nchi ihangaikie watalii wanaolipa dola mia kadhaa kwa usiku. Sipingi kuwa hao wana faida kwa Hazina. Lakini mtalii wa namna hiyo mara nyingi hulipia kila kitu kabla hajapanda ndege, na chakula chake hununuliwa na kampuni. Hajui bei ya nyanya Mfaranyaki. Yule mwenye hema anaijua, kwa sababu amesimama gengeni na kulipa kwa mkono wake.

Sisi wa Ruvuma tunajua pia hatari ya kutegemea zao moja. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka na magunia yakabaki majumbani. Mkulima mwenye mlango wa pili wa mapato, hata uwe mdogo, anaweza kusubiri bei nzuri badala ya kuuza kwa hasara ili alipe ada ya shule.

Nini kifanyike

Kwanza, wenye viwanja watatu au wanne waungane, mmoja atoe eneo, mwingine chakula, mwingine mboga. Kabla ya kuanza wafike ofisi ya biashara ya Manispaa kuulizia leseni, na wamjulishe mtendaji wa mtaa. Kitabu cha wageni kiwepo na kijazwe.

Pili, waweke kibao barabarani chenye maneno machache: kambi, maji, bafu, bei. Bei iwe moja kwa wote. Msafiri akidanganywa mara moja atawaambia wenzake, kwani wanazo programu za simu kama iOverlander ambamo kila mmoja huandika alipolala na jinsi alivyopokelewa. Programu hiyo hiyo itakutangaza bure ukimtendea vema.

Tatu, tuwape wageni taarifa za kweli. Waambiwe kuwa Juni na Julai kuna baridi kali Mbinga, kwamba ziwa lina maeneo yenye mamba na kichocho hivyo waulize wenyeji kabla ya kuogelea, na kwamba masika barabara zinaweza kukatika, kama ilivyotokea Mei 2024 kwa barabara ya Dar es Salaam na Lindi wakati wa kimbunga Hidaya. Mgeni aliyeambiwa ukweli hurudi.

Nne, halmashauri za njia nzima, kuanzia Kilwa hadi Nyasa, zingefaa kukaa pamoja na kuitangaza barabara hii kama safari moja ya pwani mbili. Kila wilaya ikijitangaza peke yake, msafiri hawezi kuona duara.

Juzi nilipita tena kwenye lile genge. Mama alinionyesha kiwanja cha mdogo wake nyuma ya nyumba, kina mwembe mkubwa na uzio wa matofali. Bado hakina bafu. "Nimeanza kuweka akiba," aliniambia. "Wale wa mwaka huu wakija nitawapa maji ya ndoo kwanza."

Hapo ndipo pa kuanzia.