Kioo Kilichokata Herufi



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni namna ya kuipatanisha televisheni na chombo kinachoiletea picha. Lakini jambo hili dogo lilitutia sisi katika kosa, wala hatuoni haya kulikiri mbele yenu, ili lisimpate mwingine.

Hapa Mutuka, madrasa yetu ilipata televisheni kwa hisani ya mzazi mmoja. Tukaiunga na kompyuta kwa waya wa HDMI, tukaukuza ukurasa wa Msahafu ukaenea kioo kizima, ili watoto walioketi nyuma nao waone. Siku ya kwanza tulimwita mtoto wa miaka kumi asome. Alipofika mstari mmoja, akalisoma neno la mwanzo bila ya wau yake. Tukamwambia, "Rudia." Akarudia vile vile. Mara ya tatu tukamkaripia mbele ya wenzake, tukasema ya kuwa hakudurusu. Machozi yakamlenga, akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, wau haipo."

Sisi tulikuwa na Msahafu mkononi, na kioo tulikuwa tumekipa mgongo. Tulipogeuka tukaona ya kuwa mtoto amesema kweli. Ukingo wa kulia, ambako ndiko mistari ya Kiarabu huanzia, ulikuwa umekatwa.

Sababu yake ni hii. Katika televisheni za zamani, zile ambazo watu huziita za chogo, kingo za picha hazikuwa zimenyooka. Basi watengenezaji wakaikuza picha kidogo kupita kioo, ili kasoro ya kingoni isionekane. Televisheni nyingi za siku hizi zingali zaendeleza mtindo ule ijapokuwa hauna haja tena, na khasara yake huonekana pale kinapoletwa kioni kitu cha kusomwa. Dawa yake imo katika menyu ya picha, mahali pa kuchagua ukubwa. Kila mtengenezaji hulipa jina lake, lakini linalotafutwa ni moja: picha ionyeshwe nzima, bila ya kukuzwa.

Wazee wetu hawakuwa na taabu hizi. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994, na kwa miaka mingi kazi kubwa ya nyumbani ilikuwa kuigeuza antena mpaka picha itulie. Kisha mataifa yakapatana Geneva mwaka 2006 kuhamia dijitali, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa kikomo. Kwetu mitambo ya analojia ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia. Hapo ndipo king'amuzi kilipoingia majumbani, nacho kikaja na nyaya zake na matundu yake. Kwa hivyo yapasa kila nyumba ijue mambo haya machache.

Kwanza, kila tundu lililo nyuma ya televisheni lina jina lake: HDMI 1, HDMI 2, AV na kadhalika. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Zile nyaya tatu za rangi zimegawana kazi: wa manjano huleta picha, na mweupe na mwekundu huleta sauti. Tazama waya wako umeingia tundu gani, kisha bonyeza katika rimoti kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT, uchague jina lile lile. Ukichagua jingine, televisheni itakuambia ya kuwa hakuna mawimbi, wala haitakuwa imeharibika. Yangoja mgeni mlango wa mbele, na mgeni yuko mlango wa nyuma. Aghalabu hutokea hivi baada ya umeme kukatika na kurudi, kwani baadhi ya televisheni zikiwaka tena hurejea kwenye antena.

Pili, picha ikitokea bila ya rangi, tazama kama waya wa manjano umeingia tundu lake. Ikiwa umo mahali pake, tazama mfumo wa rangi: wa kwetu ni PAL, na ule wa NTSC ni wa Marekani na nchi nyingine.

Tatu, nyuso za watu zikionekana pana kupita kiasi, umbo la picha halikulingana na umbo la kioo. Vipindi vya zamani vilipigwa kwa kipimo cha 4:3, na vioo vya sasa ni 16:9. Chagua kipimo cha picha yenyewe, japo pembeni patabaki weusi.

Nne, sauti na midomo ikiachana, huenda televisheni inakawia kwa kuipamba picha. Punguza mapambo hayo katika menyu. Jambo hili lina maana khasa kwa anayejifunza makharij, maana mtoto huitazama midomo ya msomaji huku akiisikiliza herufi.

Enyi wazazi, ni nyumba ngapi mtoto amepigwa kwa kuambiwa kaiua televisheni, na televisheni ikapakiwa juu ya pikipiki mpaka kwa fundi, naye akabonyeza kitufe kimoja na picha ikarudi? Pesa iliyolipwa hutafutwa tena. Lakini mtoto aliyeonewa husahau pole pole sana, na aghalabu baba hurudi na televisheni yake bila ya kurudi na neno la kumwambia mwanawe.

Sisi tulimkaripia yule mtoto mbele ya wenzake, basi mbele ya wenzake tukamwomba radhi. Tangu siku ile, kabla ya kila darsa, yeye ndiye anayelinganisha pembe nne za kioo na ukurasa wa Msahafu, na hatuanzi mpaka aseme, "Imetimia, mwalimu."

Wabillahi tawfiq.