Maji ya Aprili Bado Si Kisima

Ndugu mkulima, nasema wazi hata kama mafundi wa visima watanuna: ukichimba mita nne mwezi wa Aprili ukakuta maji, usikimbilie kukopa pampu. Hujajua bado umepata nini.

Hapa Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wastani wake haufiki milimita 600 kwa mwaka. Maji yanapozama, mara nyingine hukuta tabaka la mfinyanzi na kutuama juu yake kama kwenye sinia. Chini ya sinia hilo udongo ni mkavu, na maji ya kudumu yako chini zaidi. Visima vya Makutupora vinavyolisha jiji letu ni virefu, havitegemei sinia. Na hata huko, maji huongezeka hasa miaka ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98.

Sinia likikauka Septemba, fundi anayelipwa kwa mita atakwambia, "Tuongeze mita mbili." Kataa mpaka akueleze chini kuna nini. Akitoboa mfinyanzi, hata maji kidogo yaliyobaki yanaweza kuvujia chini. Utabaki na shimo refu, kavu, na deni.

Wapo wanaosema maji ni maji. Kwa mchicha wa mwezi mmoja, sawa, yatumie. Lakini mzabibu hukaa shambani miaka mingi, na sinia hukaa na maji miezi michache. Usifunge ndoa hiyo.

Fanya hivi:

1. Kila wiki shusha kamba yenye jiwe, pima kina cha maji, andika kwenye daftari.
2. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, chota ndoo nyingi mfululizo, kisha hesabu saa ambazo kisima kinachukua kurudi kilipokuwa.
3. Kikirudi vizuri, ndipo fikiria pampu. Kisiporudi, baki na mboga za muda mfupi.
4. Maji haya yako karibu na juu, uchafu wa choo huyafikia upesi. Ya kunywa, chemsha.
5. Ukitaka kisima kirefu, anza na upimaji wa kitaalamu na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde.

Nawe mfanyabiashara unayekopesha pampu, muulize mteja kisima chake kilikuwaje Oktoba. Kikikauka, marejesho yako nayo yamekauka.