Neno Moja, Baba na Shangazi

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hata hivyo, katika baadhi ya madarasa yetu mtoto angali anachekwa na kuaibishwa kwa kosa la kuandika neno alilofunzwa nyumbani kwao. Mathalan, tulitazame neno "tata".

Mwanafunzi Mgusii akiandika katika insha yake, "Tata alinituma sokoni," amemkusudia babake. Mwenzake Mkikuyu atadhani aliyemtuma ni shangazi au mama mdogo, kwani ndiyo maana ya neno hilo kwao. Naye mwalimu atakuna kichwa, maana katika Kiswahili tata ni mambo kutatizana, na sentensi yenye maana zaidi ya moja huitwa sentensi tata. Kumbe neno lenyewe ndilo tata!

Wala mambo hayaishii hapa nchini. Wasemaji wa Kilingala huko Kongo humwita baba "tata", sawa na Waxhosa wa Afrika Kusini, ambako hayati Nelson Mandela aliitwa Tata kwa heshima. Wapolandi nao humwita baba vivyo hivyo, ilhali mtoto wa Ufaransa akisema "tata" anamwita shangazi yake.

Je, mataifa haya yaliambizana? La hasha. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba sauti za namna hii ni miongoni mwa zile za kwanza anazozimudu mtoto mchanga; watu wazima ndio huzipa maana. Ni dhahiri basi kwamba neno halizaliwi na maana yake. Maana hutolewa na jamii inayolitumia, na hakuna jamii iliyo na haki ya kuicheka nyingine.

Hatusemi mwalimu aache kusahihisha. Kiswahili sanifu kina kanuni zake, na katika insha ya Kiswahili baba ni baba. Lakini kusahihisha si kudhihaki. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Ulinzi huo na uanzie darasani. Mwalimu aliandike neno hilo ubaoni, awaulize wanafunzi lina maana gani kwao, kisha awaonyeshe mahali pake katika Kiswahili.

Mtoto anayeonewa haya kwa lugha ya wazazi wake hatakipenda Kiswahili kwa sababu hiyo. Atajifunza kunyamaza tu.