Taka za Bahari Zizuiliwe Mtaani



Mtoto anayeharisha akiletwa wodini, tunampa maji ya chumvi na sukari naye hupata nafuu. Akirudi nyumbani na kunywa maji yale yale machafu, baada ya wiki mbili yuko tena kitandani kwetu. Nimeyaona hayo mara nyingi katika miaka yangu ya uuguzi, na huyakumbuka kila nionapo watu wakisafisha ufuko.

Kusafisha ufuko si vibaya. Lakini mvua moja ikinyesha, taka zimerudi. Pale Dar es Salaam, Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita Jangwani na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Chupa iliyotupwa mtaroni husafiri njia hiyo hiyo. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2010 plastiki tani kati ya milioni 4.8 na 12.7 ziliingia baharini duniani kutoka nchi kavu.

Tena, kabla taka haijamdhuru samaki, imekwisha kutudhuru sisi. Mtaro ulioziba hufurika, maji yenye kinyesi huingia visimani, na kipindupindu hupata njia. Kopo lenye maji kidogo ni kitalu cha mbu aenezaye homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Mbu huyo huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na tofauti tunaiona. Lakini chupa na vifungashio vingine bado vimejaa mitaroni.

Kwa maoni yangu, fedha za wafadhili na za halmashauri zianzie huku juu: mikokoteni, glavu na mabuti, ujira wa wazoa taka, mahali pa kukusanyia, na nondo za kunasa taka mtaroni kabla hazijafika mtoni. Miradi hii haipendezi katika picha kama watu waliosimama ufukoni na magunia. Tuipime kwa maswali mawili. Je, mvua ikinyesha mtaro unapitisha maji? Je, mfadhili akiondoka, mzoa taka bado anakuja?

Nasi nyumbani tufanye yafuatayo:
1. Maganda na mabaki ya chakula tuyafanye mboji.
2. Chupa tuziweke kando, tuwape wanaozikusanya.
3. Tusichome plastiki, moshi wake una sumu.
4. Makopo yanayotuama maji tuyamwage kila wiki.
5. Katika mkutano wa mtaa tuulize ada ya taka inatumikaje.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bahari uko nyuma ya nyumba zetu.