TAARIFA YA TAWI: KANGOMBA WA NYUMBANI

Ndugu wanachama, viongozi wa mashina na wapenzi wa chama wa Tawi la Ziwani,

  

Msimu wa korosho unakaribia. Wiki chache zijazo magunia yataanza kuingia ghalani, minada itafunguliwa, na fedha zitaanza kusoma kwenye akaunti na kwenye simu. Kila mwaka kipindi hiki tawi hutoa taarifa kuhusu bei, makato na pembejeo. Mwaka huu Kamati ya Tawi imeona tuanze na jambo linalotangulia bei. Fedha hizo zikifika, nani anaamua? Na mwanaume wa Ziwani anayejiita mpigania haki, siku hiyo anasimamaje mbele ya mkewe?

*Dhuluma tunaijua*

Mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa maana ya kuonewa. Desemba 2012 na tena Mei 2013 mkoa wetu ulisimama juu ya suala la bomba la gesi. Hatukuwa wote na msimamo mmoja juu ya njia zilizotumika, na wapo waliopoteza maisha na mali. Lakini hoja ya wananchi ilikuwa nyepesi kueleweka: mali inatoka kwetu, uamuzi unafanyika sisi hatupo. Oktoba 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za mnada walizoona zinawapunja, na Novemba mwaka huo Serikali ikatangaza kununua korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo.

Na miaka yote tumempiga vita kangomba. Anakuja kipindi cha njaa, anamkuta mtu ana mgonjwa au ada ya mtoto, anampa fedha kidogo, kisha wakati wa mavuno anakuja kubeba korosho kwa kipimo chake mwenyewe. Tunamchukia kwa sababu anachukua jasho la mtu kwa bei aliyoipanga yeye, akijua yule mtu hana pa kwenda.

*Sasa tupige hesabu ya ndani*

Tuchukue kaya moja ya mfano. Imevuna kilo 500. Kwa bei ile ya 2018, hizo ni Sh. 1,650,000. Kwenye daftari la AMCOS jina ni moja, la baba. Akaunti ni moja, ya baba. Kwa anayesoma daftari hilo, shamba lile lilikuwa na mfanyakazi mmoja.

Lakini palizi walifanya wote wawili. Kupogoa na kupuliza salfa alifanya baba, au kibarua. Kuokota kila asubuhi, kunyofoa korosho kwenye mabibo, kuanika na kuchambua vilikuwa kazi ya mama na watoto. Wiki hizo hizo mama huyo aliteka maji, alipika, aliuguza, na bahari ilipokupwa alikwenda kuchokoa pweza ili jioni pawe na kitoweo. Kila mmoja wetu aandike siku hizo kwenye karatasi, kwa kaya yake mwenyewe. Hatudhani wapo wengi watakaomaliza hesabu na kumkuta mama chini ya nusu.

Kisha tutazame matumizi. Tunayaona kila msimu. Fedha inaingia, baba anahamia mjini wiki mbili. Pikipiki inanunuliwa, na mwakani inauzwa kwa nusu ya bei. Harusi nyingine inafungwa kwa jasho la mke aliyepo. Mama analetewa doti ya khanga na kilo tano za mchele. Akiuliza, anajibiwa: "Mimi ndiye mwanaume humu ndani." Wapo pia waliokwisha kuziweka rehani korosho za kaya nzima tangu Machi, na mke anakuja kujua siku gunia linapobebwa.

Ndugu zetu, mtu anayechukua jasho la mwenzake kwa bei aliyoipanga mwenyewe tulishampa jina zamani. Huyu tofauti yake ni kwamba analala humo humo ndani.

*"Lakini ndiyo mila yetu"*

Hoja hii tutaisikia, nasi tunaijibu mapema. Mila ya nani? Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mume alikwenda ukweni, akalima shamba la wakwe, akatazamwa kama anafaa. Hatusemi utaratibu ule haukuwa na kasoro, kwani hata mjomba aliweza kuonea. Tunachosema ni kwamba mwanaume anayezikalia fedha za kaya peke yake asiwasingizie mababu. Mikorosho ilipokuwa zao la biashara, shamba la miti ya kudumu likaanza kushikwa kwa jina la mume. Desturi hii ina umri wa mikorosho, haina umri wa ukoo.

Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna anayeweza kumwita mtu wa kuiga Wazungu, aliliandika hili wazi katika "Ujamaa Vijijini" mwaka 1967. Alisifu maisha ya jadi, kisha akataja kasoro zake mbili: umaskini, na hali duni ya mwanamke aliyefanya kazi kuliko sehemu yake ya haki.

Na ng'ambo ya Ruvuma, ambako wengi wetu tuna ndugu, jambo hili lilipimwa vitani. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na vita ikaanza 1964. Wazazi wetu waliwapokea wakimbizi waliovuka mto. Mwaka 1967 Frelimo iliunda kikosi cha wanawake wapiganaji. Mmoja wao, Josina Machel, alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na siku hiyo Msumbiji inaiadhimisha kuwa Siku ya Mwanamke. Samora Machel aliwaambia wanaume wenzake mwaka 1973 kwamba ukombozi wa mwanamke si sadaka, bali ni sharti la mapinduzi yenyewe. Alikuwa jemadari wa vita, na hakuna aliyesema amepungukiwa uanaume.

*Uanaume ni nini basi?*

Tunawajua vijana wetu. Wamefundishwa kwamba mwanaume ni fedha. Fedha ikikosekana, wanadhani kilichobaki ni sauti na ngumi. Mtu amepunjwa kwenye mizani, amesukumwa ofisini, amerudi mikono mitupu, anatafuta mahali ambapo na yeye atashinda, anampata mkewe. Aliyempunja halali njaa kwa hilo. Tena linamfaa, kwa sababu kaya iliyogawanyika haina nguvu ya kusubiri bei nzuri. Mke aliyefichwa mambo hawezi kumzuia mume asisaini kwa kangomba.

Kwa hiyo sisi tunasema: mwanaume ni yule ambaye haki anayoidai ghalani anaitoa nyumbani bila kudaiwa. Anayekubali kuulizwa. Anayeweza kufungua daftari mbele ya mkewe na watoto wake wakubwa bila kukunja uso.

Sheria nayo iko upande huu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu. Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inazikataa mila zinazomnyima mwanamke ardhi.

*Maazimio ya Kamati ya Tawi*

1. Kila kaya ya mwanachama ikae kikao kabla ya mnada wa kwanza. Iandikwe: chakula, ada, matibabu, madeni, pembejeo za msimu ujao, kisha kinachobaki. Wote wawili watie sahihi.

2. Mke mwenye shamba lake asajiliwe kwa jina lake. Kwa shamba la pamoja, tunashauri akaunti ya pamoja. Ofisi ya tawi itasaidia kujaza fomu bila malipo, kila Jumamosi baada ya Alasiri.

3. Hakuna kuweka korosho rehani bila mwenzi kujua. Kiongozi wa chama atakayebainika kuwa wakala wa kangomba ataondolewa kwenye nafasi yake.

4. Mwanachama anayempiga mkewe hatapitishwa kugombea nafasi yoyote, kuanzia shina hadi tawi. Palipo na jeraha, kesi iende polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Haitamalizwa barazani kwa kahawa.

5. Tunawaomba wazee wetu wa jando wawaambie vijana neno hili kwa lugha yao wenyewe. Watasikilizwa kuliko sisi.

Wapo watakaouliza: na mwanamke akishika fedha akaziharibu? Wapo wa hivyo pia. Ndiyo maana tumesema daftari na sahihi mbili. Hatuhamishi uonevu kutoka kwa baba kwenda kwa mama.

Bei tutaidai. Makato yasiyoeleweka tutayahoji kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, na tunataka wake kwa waume wajae pale. Lakini tukisimama kuuliza "fedha yetu imekwenda wapi", kila mmoja wetu awe ameshalijibu swali hilo hilo nyumbani kwake.

Haki ghalani, haki nyumbani!

Imetolewa na Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Ziwani.

_Tafadhali sambaza kwenye makundi yote ya mashina. Wasio na simu wasomewe._