JE, MWANDISHI AKIKOSOLEWA AFANYEJE?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hawakutuambia mgema akilaumiwa hufanya nini. Je, huboresha tembo lake, huvunja kibuyu, ama humtukana mnywaji? Swali hili linatuhusu sote katika chama chetu cha Kiswahili. Kila mwaka tunatunga mashairi na hadithi, na kila mwaka wapo wanaotusifu na wapo wanaotucheka.

Kwa maoni yangu, mwandishi aliyekosolewa ana mambo mawili ya kufanya: atoe sababu zake kwa adabu, kisha aandike tena. Kununa si jibu, na matusi si jibu.

Tutazame mfano wa Euphrase Kezilahabi wa Tanzania. Huyu hakuzaliwa pwani. Alizaliwa mwaka wa 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka wa 1971. Kwa kuwa ilisema waziwazi jinsi wasichana wanavyoharibiwa na watu wazima, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Baadaye iliruhusiwa na ikasomwa na wanafunzi. Je, Kezilahabi alitupa kalamu? La hasha! Mwaka wa 1974 alitoa riwaya ya Kichwamaji, na mwaka huo huo akatoa diwani ya Kichomi.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mashairi mengi ya Kichomi hayakuwa na vina wala mizani. Washairi wa mapokeo walikuwa wamezoea kanuni kama zile alizoziandika Sheikh Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka wa 1954. Basi wakasema kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi hata kidogo. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi.

Kezilahabi alikuwa ameeleza sababu zake katika utangulizi wa diwani yenyewe. Alitaka mashairi yatumie lugha iliyo karibu na ile wanayozungumza watu kila siku. Baada ya hapo alijibu kwa kazi. Diwani ya Karibu Ndani ilitoka mwaka wa 1988, na Dhifa ikatoka mwaka wa 2008. Alifariki mwaka wa 2020. Hapa kwetu Kenya, Kithaka wa Mberia naye alitoa diwani za mashairi huru, Mchezo wa Karata mwaka wa 1997 na Bara Jingine mwaka wa 2001.

Sisemi kwamba waliompinga walikuwa wajinga. Bila wao, mtu yeyote angekatakata insha yake vipande vipande na kutuambia eti ni shairi. Ndio waliotufundisha kusikiliza mdundo wa maneno. Leo katika somo la ushairi tunasoma shairi la arudhi na shairi huru pia. Kwa hiyo ubishi ule haukuua ushairi, bali uliupanua.

Lakini tusichanganye mambo. Kuna kukosoa kazi na kuna kukosoa mtu. Mwenzako akikwambia, "Ubeti wako wa tatu una mizani pungufu," amekusaidia, kwani jioni hiyo hiyo unaweza kuurekebisha. Akikwambia, "Wewe huwezi kutunga, Kiswahili chako kimejaa Ekegusii," amekupa nini? Hakuna cha kurekebisha hapo. Ushauri wangu ni huu: lile la kwanza lipokee hata likitoka kwa adui, na la pili liache hata likitoka kwa rafiki. Kama Kiswahili kingekuwa cha watu wa pwani peke yao, yule kijana wa Ukerewe asingetuandikia lolote.

Tukumbuke pia kwamba mpiga obokano anawaona wasikilizaji wake. Wakianza kupiga miayo, anabadilisha wimbo papo hapo. Mwandishi hana bahati hiyo. Anaandika peke yake chumbani, hajui msomaji wa Keroka au wa Ogembo atacheka wapi na atachoka wapi. Anayemkosoa ndiye anayemletea habari hizo. Akimfukuza, atabaki akiandika gizani.

Nikitia nanga, nawaomba walimu wetu na wanachama wenzangu tuweke kanuni moja katika mikutano yetu: anayetaka kukosoa kazi ya mwenzake aonyeshe mstari wenye kasoro na aseme sababu. Kama hana mstari wa kuonyesha, akae chini. Na ninyi mlioficha daftari zenu kwa sababu ya kuchekwa, zitoeni. Gazeti la mwaka ujao halitajazwa na vicheko, litajazwa na kazi zenu.