Askari, Tunza Meno ya Aliyeungua

Gari la mafuta lilipukapo, askari huwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Huzuia umati na kuokoa majeruhi, na moto uzimikapo, humkabili jamaa aulizaye, "Ndugu yetu yuko wapi?" Kwa askari wa Nyundo, alindaye barabara iteremkayo kutoka Musanze hadi Gisenyi na mpaka wa Goma, swali hilo si la kufikirika. Tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya Nyiragongo kulipuka, kituo cha mafuta kililipuka mjini Goma na kuua makumi ya watu. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini. Zaidi ya watu 200 walikufa, na wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Rai yetu ni kwamba kila askari afundishwe thamani ya jino. Uso na alama za vidole viteketeapo, meno hubaki. Enameli, yaani gamba la nje, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Dentini iliyo chini yake ina madini asilimia 70 hivi. Iliyobaki ni maji na nyuzi za protini. Motoni dentini hukauka, nyuzi zake huungua, nayo hunywea. Enameli hainywei kwa kiasi hicho, hivyo hupasuka na kubanduka. Jino hugeuka kahawia, likawa jeusi, kisha kijivu, na mwishowe jeupe kama chaki.

Waganga wa meno wanaijua nguvu ya joto kwa kazi yao ya leza. Mwali uliopimwa vema, upigao kwa muda mfupi mno, huipasha enameli mamia ya nyuzi na kuifanya sugu zaidi mbele ya asidi iozeshayo meno. Kipimo kikikosewa, dentini huungua na kiini chenye uhai hudhurika. Mwaka 1965 Zach na Cohen walionyesha, kwa majaribio juu ya kima, kwamba ongezeko la nyuzi 5.5 tu ndani ya kiini laweza kukiua. Ikiwa joto la mganga lina hatari hiyo, sembuse moto wa petroli?

Kwa hiyo jino lililoungua huweza kuonekana zima, kumbe likiguswa kwa pupa husagika. Wako wasemao kwamba siku hizi vinasaba vyatosha. La hasha! Moto mkali huharibu vinasaba pia, na mara nyingi masalio yake hupatikana ndani ya jino lilelile. Mjini Paris, baada ya moto wa Bazar de la Charité wa tarehe 4 Mei 1897, Bibi wa Alençon alitambuliwa na mganga wake wa meno.

Hapana budi, basi, kushika mambo mawili. Kwanza, kichwa cha marehemu kisisogezwe kwa koleo wala kuoshwa kabla ya kupigwa picha. Kifungwe peke yake kwa uangalifu, na vipande vilivyodondoka viokotwe. Pili, kila mwanajeshi na polisi awe na kumbukumbu ya meno yake katika hospitali ya kikosi, kwani moto haubagui sare. Familia iliyomtoa mwana alitumikie taifa inastahili kujua kaburi lake ni lipi.